Kabla Hujafungasha Vyombo vya Kilosa

Temeke, alasiri

Mwanangu Hadija,

Barua hii haikubandikwa stempu wala haikupita kwa tarishi. Imetoka chumba cha uani ikaingia kwenye kikapu chako, chini ya khanga, na kama umefuata nilivyokuomba basi unaisoma gari moshi likiwa limeshapita Ruvu. Mie sijambo kidogo. Saa hizi ninapoandika uko Kiwalani kwa shangazi yako unaaga, nami nimefunga karakana mapema, kila mteja aliyekuja nimemwambia nina homa. Homa sina. Nilitaka nyumba iwe tupu nipate kuandika, maana ukiwepo utachungulia begani ucheke herufi zangu. Na ni haki yako kucheka, mtu aliyejifunza kuandika darasa la watu wazima mvi zimeshaanza kumtoka hawezi kuwa na mwandiko wa karani.

Habari za kuchemsha maji, kufunga mzigo kamba mbili na kutomwachia mtu kikapu stesheni, shangazi yako atakuwa amekueleza mara tano na bado ataendelea. Mie nina jambo moja tu, na nisipolisema leo najijua, sitalisema.

Ijumaa iliyopita nilikuwa nyuma ya nyumba napiga randa mlango wa mtu. Dirisha lilikuwa wazi. Nikakusikia unamwambia shangazi yako, "Naenda kufungasha vyombo vyangu tu. Wiki mbili. Nikirudi ndiyo nimerudi." Akakuuliza Athumani amekufanya nini, anakupiga? Ukasema, "Hanipigi. Hanifanyi kitu. Na ndiyo hiyo yenyewe shangazi, hanifanyi kitu. Nimefiwa na mtoto, yeye ananiandikia habari za mabati."

Nitakwambia ukweli, na usinichukie. Kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni ni furaha. Miezi mitatu hii uliyokaa nasi, nasema nasi kama vile tuko wengi humu, nimesikia ufagio uwanjani asubuhi. Nimesikia mtu anakohoa chumba cha pili. Nimeambiwa "baba, chai inapoa." Kabla hujaja nilikuwaga nakunywa chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, kwa mama ntilie karibu na duka la ushirika, nikirudi nafungulia redio, si kwamba nataka habari, nataka tu pawe na mtu anayesema kitu humu ndani. Kwa hiyo niliposikia unarudi moja kwa moja nikaenda kununua samaki, changu wawili wazima. Ukaniuliza, "Baba, leo kuna nini?" Nikasema hakuna kitu. Siku sita nimekaa na jambo hilo kifuani. Leo nimeona nikiendelea kunyamaza nitakuwa nimekuiba kwa mumeo, na wewe hujui kama umeibwa.

Sasa tuanzie mbali kidogo, unisikilize.

Kabla yako mie na mama yako tulipata mtoto wa kiume. Hilo unalijua, lakini unalijua nusu. Ilikuwa wakati wa Uhuru, tumetoka Lindi hata mwaka haujatimia, tumepanga chumba kimoja hapahapa Temeke. Mama yako ana miaka kumi na tisa, mie ishirini na minne, hatuna mzee hata mmoja wa kutushika mkono. Mtoto aliishi siku nne. Siku hizo zote mama yako alikuwa na homa inayomfanya aseme maneno yasiyoeleweka, hata kumwona mwanawe vizuri hakumwona. Na kwetu, kama ujuavyo, wanawake hawaendi makaburini. Nikaenda mie na wanaume wa mtaani. Nikaingia kaburini mwenyewe, nikampokea, nikamlaza. Nilivyorudi mama yako alikuwa amekaa mkekani, homa imempungua, akaniangalia mikono yenye udongo akaniuliza, "Umemlazaje?"

Nikamwambia, "Tumeshamaliza."

Mwanangu, sikuwa katili. Wazee wa mtaa walinikalisha barazani wakanifunda kabisa: usimkumbushe, mwanamke ukimkumbusha hapoi, ondoa kila kitu cha mtoto, mshughulishe, atasahau. Nikawaamini. Nilikuwa nimemtengenezea mtoto kitanda cha mninga, kwa vipande vilivyobaki kwenye karakana ya Mhindi niliyokuwa nafanyia kazi. Nikaona kitanda kile kikikaa chumbani kitamuua. Kukigawa moyo ulikataa. Kuchoma mninga ule nao ni kufuru. Basi nikakibomoa, nikachukua ubao wa ubavuni, nikamtengenezea mama yako mbuzi ya kukunia nazi. Nikaipiga msasa mpaka ikateleza, nikaipaka mafuta, nikatia chuma kipya cha meno. Nikajiona nina akili sana: nimemwondolea kumbukumbu, na juu yake nimempa chombo cha jikoni. Akaipokea kwa mikono miwili akasema ahsante.

Aliikalia miaka kumi na minne. Wali wote wa nazi uliokula utoto wako, kisamvu, mchuzi wa papa, nazi yake ilikunwa pale.

Na sikuishia hapo. Kila alfajiri nilimchotea maji ndoo nne kabla sijaenda kazini, wanawake wa bombani wakawa wanamwambia, "Wewe una mume." Nikamjengea jiko lenye paa wakati wenzake wanapikia mvuani. Nikimwona amekaa kimya anatazama ukuta, natafuta nyundo, nagonga kitu. Bawaba, mguu wa meza, chochote. Niliumia mie kwa kumwona vile, na maumivu yangu yote niliyatia kwenye misumari. Yeye akaendelea kunyamaza. Ikafika mahali nikamchukia kidogo, nakwambia kweli. Nikasema moyoni, mwanamke huyu hana shukrani, nifanye nini tena.

Halafu yakanifika ya kwangu. Mama yangu, bibi yako wa Lindi, alifariki wewe ukiwa bado unatambaa. Simu ya maandishi ilifika siku mbili baadaye, na ulikuwa msimu wa mafuriko, Rufiji haivukiki. Sikumzika mama yangu. Nilikaa pale kwenye kigoda nimevimba kama chura. Mama yako akaja akakaa pembeni yangu, bega kwa bega, akaanza kuniuliza. Mama alikuwa anakuitaje ulipokuwa mdogo? Alikuwa anapenda kupika nini? Alikuwa akicheka anafunika mdomo au hafuniki? Swali juu ya swali. Nikaona ananichokonoa kidonda. Nikamwambia, "Mwanamke, hebu niache nipumue," nikavaa kandambili zangu nikaenda kucheza bao barazani kwa balozi wa nyumba kumi, na nikacheza mpaka magharibi.

Niliporudi alikuwa amelala amekugeukia wewe. Hakuniuliza tena kuhusu bibi yako, si siku ile wala siku nyingine.

Imenichukua miaka mingi mno kuona alichokuwa anakifanya. Mama yako alikuwa ananipa kile alichokuwa anakililia yeye mwenyewe. Alitaka aulizwe, kwa hiyo akaniuliza. Na mie nilipokuwa na majonzi nilikuwa nataka mtu anipokee kazi aniache peke yangu, kwa hiyo hilo ndilo nililompa yeye: nikampokea ndoo, nikamwacha peke yake. Kila mmoja alimpikia mwenzake chakula anachokipenda mwenyewe, halafu akakasirika kwamba mwenzake hali. Hapakuwa na mbaya kati yetu. Nasema hivyo si kwa kujitetea, maana ingekuwa nafuu kama pangekuwa na mbaya, tungemtambua tukamfukuza.

Mama yako alipolazwa mara ya mwisho ulikuwa na miaka kumi na miwili. Siku moja, saa ya kuangalia wagonjwa, wewe umekwenda na shangazi kutafuta maji ya kunywa, akanishika kiganja. Akasema, "Ile mbuzi yangu mpe Hadija akiolewa. Mwambie asiitupe, ni kitanda cha kaka yake."

Nikamuuliza, "Ulijua?"

"Siku uliponipa nilijua. Ubao una jicho pembeni, pale tawi lilipoota. Nililishika jicho lile kila siku nilipokuwa na mimba, namsubiri."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja uanze wewe kumtaja," akasema. "Nikadhani labda umeileta ili uanze."

Miaka kumi na minne mtu anakuna nazi akingoja nianze. Halafu akaniuliza, sauti yake ndogo, "Alifanana na nani?" Na mie jibu nilikuwa nalo, Hadija. Nilimwona mtoto yule kwenye mwanga wa mchana, mie ndiye niliyemfunua uso. Alikuwa na kipaji cha uso cha mama yako na masikio yangu haya makubwa unayoyacheka. Ningesema maneno hayo machache tu. Nikasema, "Usijichoshe, pumzika." Akaondoa mkono wake kwenye wangu, taratibu, bila hasira, akageukia ukutani. Keshokutwa yake akafa.

Nilikupa mbuzi ile ulipoolewa, na sikukwambia ni ya nini. Sasa umejua. Iko Kilosa, jikoni kwako.

Utasema, sawa baba, pole, lakini Athumani anaingiaje hapa? Anaingia vibaya, na mlango aliopitia nimemfungulia mie. Sasa ndiyo nafika mahali ninapoona aibu.

Unakumbuka siku aliyokuleta, mvua inanyesha, umedhoofu huwezi hata kusimama sawasawa. Shangazi yako akakuchukua ndani. Athumani akanifuata karakana, akakaa kwenye benchi yangu kati ya vumbi la mbao. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka. Nikamuuliza ni nini, akasema alichimba kaburi la mtoto mwenyewe, aliwakataza wanakijiji wasimsaidie. Kisha akasema, "Baba, naomba nikuulize. Hadija akilia, mimi nimwambie nini? Kila nikifungua mdomo naona nitalia kabla yake."

Kijana wa watu hana baba, unajua, amelelewa na mjomba. Alikuwa ananiuliza kama anavyoulizwa mzazi. Na mie ndiye mtu pekee Temeke nzima niliyekuwa najua jibu, nimelilipia kwa mke. Unajua nilimwambiaje? Nilimwambia, "Usimwambie kitu. Usimkumbushe. Ukimkumbusha hapoi."

Akauliza, "Hata nikimwandikia barua?"

"Hata ukimwandikia. Mpe habari za nyumba, za kujenga, za kuku. Mtoe kwenye hilo jambo."

Akainama anachezea maranda sakafuni. Akasema, "Nilimpa jina, baba. Pale tulipomzika. Hadija alikuwa hajitambui zahanati, lakini sikuweza kumlaza mtoto hivihivi kama hakuwa mtu. Hilo nalo nisimwambie?"

Nikamwambia, "Hilo ndilo usimwambie kabisa."

"Sawa, baba," akasema. Akatii. Kesho yake akarudi kazini kijijini, bwana shamba haruhusiwi kukaa mbali siku nyingi msimu wa kupanda, na tangu hapo ametii kila barua. Zile barua ulizozitupa chini ya kitanda mie nimezisoma, nisamehe. Amekuandikia amepata mabati manane. Mwanangu, mabati siku hizi hata wakubwa hawayapati. Ameandika ametembea mpaka Kilosa mjini mara tatu kwa miguu. Ameandika chumba cha kulala sasa hakivuji upande wako. Amesema *upande wako*, hukuliona hilo? Nililiona mie kwa sababu ni maneno ya mtu aliyezibwa mdomo anayetafuta pa kupumulia. Lakini ningekuwa wewe, mwenye kifua kinachouma, nami nisingeliona.

Nimejiuliza kwa nini nilimjibu vile na huku najua. Nadhani ni hivi: kumwambia kweli kungekuwa ni kukiri mbele ya mkwe wangu kwamba mama yako nilimwacha peke yake chumba kimoja nami. Ikawa rahisi kumpa kijana maneno ya wazee wa barazani, maneno hayana mwenyewe. Nikawarudisha nyie wawili kwenye chumba kilekile cha mie na mama yako.

Sikwambii ukae kwa Athumani. Hilo sitaki ulisikie hata kidogo kwenye barua hii. Yeye naye ni mtu mzima, angeweza kunikaidi. Na wewe, nisamehe tena, wewe hujamuuliza. Ulimngojea aanze, kama alivyongoja mama yako. Mnaweza kungojeana mpaka mkazeeka, nimeona kwa macho yangu inavyofanyika, haina kelele wala haina ugomvi, majirani wanawasifia.

Ninachokuomba ni kidogo. Kabla hujafunga chombo hata kimoja, mkalishe chini. Usimuulize akiwa amesimama, atakumbuka kuna ng'ombe wa mtu anaharisha. Usimuulize akiwa na jembe mkononi, mnyang'anye kwanza. Sisi wenye kazi za mikono ukituuliza jambo zito tunakimbilia kifaa. Akikaa, mwambie, "Baba amefuta kauli." Mwambie hivyohivyo, ataelewa. Halafu umuulize kuhusu siku ile, kuanzia ulipopoteza fahamu mpaka alipokuja kukaa pembeni ya kitanda chako. Umuulize, na ukae kimya hata akichelewa kujibu. Atachelewa. Usimwonee huruma ukambadilishia mazungumzo. Akilia mbele yako, usiende jikoni kuinjika chai.

Na wewe umwambie unachotaka kwa mdomo wako. Usiseme "angekuwa ananipenda angejua." Mama yako alinipenda na hakujua ninachotaka, nami nilimpenda nikampa ndoo nne za maji.

Baada ya hapo, ukiona bado, fungasha. Chumba chako sijampangisha mtu, na sitampangisha. Njoo, sitakuuliza kitu. La, nimekosea, nitakuuliza, nitakaa nawe nikuulize kila kitu, nimeshachoka na adabu hii ya kutouliza. Lakini usirudi kwa ajili ya kunionea huruma mie. Nitakuwa mpweke, ndiyo, nakwambia wazi usije ukadhani mzee ana moyo wa chuma. Kesho nikishakupandisha gari moshi nitarudi hapa, nitafungua mlango, na patakuwa kimya. Nimeshaanza kupaogopa mahali hapa tangu asubuhi. Upweke huo lakini ni wangu, nimeutengeneza kwa mikono yangu, usiubebe wewe wala usije kuishi ndani yake.

Nasikia watu njiani, huenda ni nyie mnarudi, kwa hiyo namalizia.

Siku ile pale karakana, Athumani aliniambia jina alilompa mtoto. Alilisema mara moja, polepole. Miezi mitatu hii wewe ukimtaja unasema "yule", nami nakaa mezani nawe, nakula chakula ulichonipikia, jina lake ninalijua na wewe mama yake hulijui. Hakuna kosa nililofanya maishani linaloniuma kama hilo, hata la mama yako. Sitaliandika hapa. Si langu la kukupa, nimeshachukua vya kutosha visivyo vyangu. Analo mumeo. Nenda ukamwambie akutajie, mjukuu wangu anaitwa nani.

Ni mie,
baba yako